Swali la Saba

Anchorage, 3 Septemba 1993

Binamu Evon, bingwa wa kukimbia sindano,

Shikamoo sikupi, maana hiyo miaka minne uliyonizidi umeila bure. Habari za kijijini Kuiggaq? Mkaza mjomba Nastasia anaendeleaje na magoti yake? Mimi sijambo, ila nimechoka kuzungumza na simu inayokatwa. Nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza ulisema chai inamwagika jikoni. Mara ya pili ukamwachia mama yako simu, tukaongea habari za samaki nusu saa nzima. Mara ya tatu ulijifanya mtu mwingine, ukabana sauti kama bibi kizee. Evon, sauti yako naijua tangu siku ulipokuwa unalia ukifukuzwa na bata bukini. Basi nimeamua kuandika. Barua haikatwi, na kuichoma bila kuisoma huwezi, kwa jinsi ulivyo mdaku.

Neno lenyewe unalijua. Kwenye daftari la ofisi yetu Kuiggaq ina watu kumi na wanane wenye virusi vya homa ya ini, na wewe ni mmojawapo. Kila Aprili na kila Oktoba wanatolewa damu hapo zahanati, chupa zinakuja kwa ndege ya barua, na sisi huku tunaangalia kile kipimo kinachopanda saratani ikianza kwenye ini, wakati bado ni kidogo na mtu hata haumwi. Aprili zilifika chupa kumi na saba. Oktoba ya mwaka jana, kumi na saba vilevile. Nadhani huhitaji kwenda shule kujua ni ya nani iliyokosekana.

Mwaka mzima, Evon! Mtu mzima mwenye ndevu. Oktoba hii nataka zifike kumi na nane. La sivyo nitamwambia mama yako ni nani aliyevunja kioo cha kanisa mwaka 1966.

Nisalimie wote, hata wale unaodai ni marafiki zako.

Mtani wako,
binamu Olinka


Kuiggaq, 21 Septemba 1993

Kwa Olinka, mwenye mwendo wa bata hata kwenye lami,

Barua imefika salama, pamoja na tairi la mtu na katoni mbili za nepi. Sisi wazima. Mama yuko kibandani anageuza samaki kwenye moshi. Magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo. Ameniambia nikuulize kama huko Anchorage mnakula au mnaandika tu. Nakutumia kifurushi cha samaki mkavu. Usile wote peke yako, utaziba mlango.

Sasa haya ya sindano. Kwani ni nani aliyeniambia niko sawa? Si wewe? Mwaka juzi ulinipigia simu unacheka, ukasema mmenipigia hesabu, kwamba kwenye watu mia wa aina yangu, ndani ya miaka kumi ni watatu tu watakaopata saratani ya ini. Watatu! Jioni ile tulikuwa wanaume sita kwenye nyumba ya kuoga mvuke, nikaanza kuwakagua mmoja mmoja migongo. Nikasema huyu mmoja, yule wa pili, na wa tatu atatoka kijiji cha pili. Mimi nikajitoa. Ndiyo raha ya hesabu zenu.

Na huyo mtoa damu wenu ana akili kweli? Oktoba mimi niko juu ya mto natafuta nyama kabla barafu haijafunga. Aprili niko baharini nawinda sili. Mwambie aje Julai, nitampa hata ndoo.

Halafu, tuache utani kidogo. Mambo ya miaka kumi ijayo kwetu hayasemwi. Ukilitaja jambo, linakugeukia. Wewe na mimi tumekua mlango kwa mlango, tukakatazwa maneno hayo na wazee walewale. Umeyasahau, au huko mjini mnalipwa kwa kuyasema?

Mama yangu ana miaka sabini na moja, anakunywa mafuta ya sili kama maji, na hajaumwa hata jino. Hiyo ndiyo hesabu yangu mimi.

Mtani wako mpaka kaburini,
Evon


Anchorage, 12 Oktoba 1993

Evon,

Natumaini mko wazima. Samaki wamefika, nashukuru, mkaza mjomba apokee asante yangu kwa mikono miwili. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Ulipoandika habari ya mama yako na mafuta ya sili nilicheka. Kesho yake ofisini nikiwa napanga majalada nikaacha kucheka. Nilikwenda nikatoa karatasi yako, ile tuliyoitumia kupiga hesabu, nikaiweka kando ya karatasi yangu. Unajua mimi nami ninavyo hivyo virusi; damu yangu ya mwisho ilitolewa Februari. Nikazisoma zote mbili. Swali la saba linasema: Je, mama, baba, au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani ya ini?

Kwenye karatasi yangu nimeandika ndiyo. Mama. Lukaria. 1986.

Kwenye yako imeandikwa hapana. Na mwandiko ni wangu.

Nakumbuka nilivyokuuliza. Ilikuwa kwa simu, nikasema, "Mama yako je?" Ukanijibu, "Huyu hapa, anachuna sili." Nikaandika hapana, nikaendelea na swali la nane. Angekuuliza mgeni, yule msichana wa kutoka Ohio tunayekaa naye ofisini, angekuchimba: mama aliyekuzaa? Mama aliyekulea? Mimi sikukuchimba kwa sababu najua kila kitu. Najua kwamba mama yako ni Nastasia, ndivyo tulivyolelewa, na mtu anayesema vinginevyo Kuiggaq anaonekana hana adabu.

Lakini lazima niseme, unisamehe. Mama yangu alikuzaa wewe kwanza. Kaka yake, mjomba Nels, alikuwa amekaa na Nastasia miaka tisa bila mtoto, mama akawapelekea wewe ukiwa na siku tano. Miaka minne baadaye nikazaliwa mimi. Wewe ukawa mtoto wa mjomba, na mtoto wa mjomba ni mtani, kwa hiyo tumetukanana kwa raha zetu miaka yote hii. Hakuna asiyejua na hakuna anayesema. Mimi nawe tumelala tumbo moja, Evon.

Nimempelekea karatasi hiyo Daktari Lindqvist wa ofisini kwetu, tukapiga upya. Umri wako, uanaume wako, miaka uliyokaa na virusi, na sasa mama. Siyo watatu tena kati ya mia. Ni kumi na mmoja. Daktari anasema hesabu ni ya kundi, haimnyooshei mtu kidole. Mimi nakuona wewe tu. Hao watatu niliokupa kwa kicheko ndio waliokufanya ukae mwaka mzima bila kupimwa. Kosa ni langu, na silali vizuri.

Utasema nimetaja lisilotajwa. Ndiyo, nimelitaja. Mama hakutajiwa na mtu. Alianza kushikilia ubavu mwezi wa pili, wa tano tukamzika.

Nenda kachomwe, kaka yangu. Neno hilo ni mara ya kwanza kuliandika.

Dada yako,
Olinka


Kuiggaq, 30 Oktoba 1993

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi hapa tu wazima, tunashukuru.

Nimeipokea barua yako na nimeielewa. Nakushukuru kwa kunihangaikia. Naomba usijisumbue zaidi kwa ajili yangu. Mto umeganda vizuri na kazi ni nyingi.

Mama hajui habari hizi, na naomba asizijue. Alinilea kwa shida. Sitaki asikie leo, katika uzee wake, kwamba kuna karatasi mjini inayosema hakuwa mama.

Nakutakia heri katika kazi yako.

Wako katika heshima,
kaka yako Evon


Anchorage, 15 Novemba 1993

Evon, mtani wangu,

Salamu. Sikuulizi hali, maana utanijibu "tu wazima, tunashukuru," na hilo sitaki kulisoma mara ya pili.

Umenikata maini, wewe! "Dada mpendwa." "Wako katika heshima." Tangu lini? Ulinifungia ndani ya nyumba ya mvuke nikapiga kelele kijiji kizima kikasikia. Ulimwambia mchumba wangu wa kwanza kwamba ninalala na meno nje. Leo unaniandikia kama unamwandikia askofu? Najua unachofanya. Nimejiita dada, na dada hataniwi, basi unanipa udada wangu wote niule mpaka nishibe. Nimeshiba.

Sikusema Nastasia si mama yako. Atakayesema hivyo nitapigana naye mimi mwenyewe. Nilichosema ni kwamba ini halikukaa darasani kufundishwa nani ni nani.

Chupa za Oktoba zimefika. Kumi na saba. Nilizihesabu nikiwa nimesimama, nikazihesabu tena nimekaa, mpaka yule msichana wa Ohio akaniuliza kama nimepoteza pete. Mhudumu wa zahanati anaweza kukutoa damu siku yoyote; si lazima usubiri Aprili. Ni dakika tano tu, Evon, na pamba.

Nitukane. Andika hata neno moja la kihuni, nijue bado upo.

Olinka,
sijui nijiite nani kwako


Anchorage, 13 Desemba 1993

Evon,

Mwezi mzima kimya. Napiga simu, mama yako anasema umetoka. Juzi nilimuuliza umetoka kwenda wapi, akasema, "Amesimama hapa, anatikisa kichwa." Yeye hajui kudanganya, na sikumweleza kitu.

Kila ndege ya barua ikitua nakwenda chini mapokezi kabla hata ya kuvua koti. Nimeanza kuhesabu vitu ovyo, ngazi na magari ya rangi nyekundu. Nikifika kumi na moja naanza upya.

Niandikie, hata ukinichukia.

O.


Kuiggaq, 8 Januari 1994

Olinka,

Habari ya huko? Hapa baridi imekaza, na mimi nakuandikia nimekaa kwenye sanduku la mizigo uwanjani, nasubiri ndege, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Mama ameisoma barua yako. Ile ya Oktoba. Niliificha ndani ya koti la kuwindia, akalichukua kushona mfuko. Anasoma polepole kwa kidole, unamjua. Nilirudi kutoka kwenye nyavu nikamkuta ameshafika katikati, kisu cha samaki bado kiko mkono mwingine. Nikatamani ardhi inimeze. Nikaanza kusema, "Mama, usiyajali hayo, ni mambo ya mjini." Akaniambia, "Nyamaza, sijamaliza."

Alipomaliza akaikunja. Akasema, "Lukaria alikuleta umefungwa ndani ya koti lake mwenyewe, yeye akarudi nyumbani kwenye upepo bila koti. Mimi sikukuiba. Nilipewa. Mtu akipewa kitu kwa namna ile hakiachi kiharibike ati kwa sababu anaona aibu kusema kilitoka wapi." Halafu akanikasirikia kwelikweli. Akasema, "Unaninyamazia kwa heshima gani hiyo? Lukaria nilimzika. Unataka nimzike na mtoto wa tumbo lake?"

Akachukua ufunguo wa pikipiki yangu ya theluji, akautia ndani ya nguo yake kifuani, akasema utatoka huko nikirudi na pamba mkononi. Nikaenda. Ningefanyaje, niutoe mwenyewe?

Hiyo ilikuwa siku mbili baada ya Krismasi. Namba imerudi, wewe umeshaiona kabla yangu, najua. Wamesema ni kubwa. Wamesema nije Anchorage nilale kwenye mashine, waangalie.

Ndege ni hii inayokuja ikiwa ukungu utaruhusu. Ulikuwa sahihi wewe. Siogopi kisu cha daktari. Naogopa kwamba umelitaja na limesikia.

Mama amekutumia akutaq, matunda ya mwaka huu yaliyochanganywa na mafuta aliyoyapiga mwenyewe. Ikifika imepungua ujue nimeila.

Evon


Anchorage, 27 Machi 1994

Kaka Evon,

Salamu kwako na kwa mkaza mjomba. Kidonda kimefungaje? Unalala upande gani? Usibebe mafuta ya jenereta, hata kama hakuna anayekuona.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Siku kumi na moja nilikaa kando ya kitanda chako hospitalini, na wiki tatu ulilala kwenye kochi langu, na muda wote huo ulisema "asante, dada" kila nilipokupa maji. Nilikuwa nahesabu hizo asante. Daktari alipokuja kusema wamekata kipande chenye uvimbe usiozidi yai la bata, na kwamba pembeni pote ni safi, mimi nililia mbele ya watu, na wewe ukaniletea karatasi ya kupangusa machozi. Evon ninayemjua angesema pua yangu imevimba kama ya sili. Nilikungoja useme. Hukusema.

Nilijiambia ni maumivu, ni dawa. Lakini sasa una mwezi nyumbani, na kadi uliyonitumia imeandikwa "Kwa dada yangu mpendwa, pamoja na shukrani." Basi nimeelewa. Nilitaka uishi, na unaishi. Kama bei yake ndiyo hii, nitailipa na nitanyamaza. Lakini sitajifanya sioni.

Kuna jambo moja la kazi. Hesabu ya zamani tumeifuta. Mtu aliyekwisha kukatwa anapigiwa nyingine, na kwake chupa ni kila miezi mitatu, si sita. Daktari anataka karatasi mpya, na safari hii ijazwe kwa mkono wa mwenyewe, siyo mkono wa karani. Nimeiambatanisha. Swali la saba bado liko palepale. Andika unachotaka kuandika. Sitakuuliza.

Dada yako,
Olinka


Kuiggaq, 16 Aprili 1994

We Olinka, pua ya sili,

Haya, umefurahi? Pua ilivimba kweli. Siku ile daktari alipoondoka nilitaka kusema nikashindwa, maana nikicheka nyuzi zinavuta. Kila ulipokuja na maji na ule mwendo wako wa bata nilikuwa nauma mto. Ukadhani ni heshima! Nesi wa zamu aliniuliza kama napata maumivu, nikamwambia ndiyo, maumivu yenyewe yanaitwa Olinka na yanakuja saa kumi jioni.

Nilipofika nyumbani nikawa sijui tena nianzie wapi. Ukimwita mtu binamu miaka thelathini na nne, halafu unaambiwa ni dada, unakatwa na ini, unakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Nikamuuliza mama, "Sasa huyu nimtanie au nimheshimu?" Akasema, "Kwani hilo nalo mpaka mwandikiwe na daktari?" Akaendelea na samaki wake.

Mama mzima, magoti yaleyale. Kidonda kimefunga, kinawasha. Sijabeba mafuta, nimebebewa. Sili wametokea tangu Jumatatu, boti zote zimetoka, na mimi nimeachwa ufukweni na akina bibi nikimsubiri mtoa damu wenu. Wanawake wamenicheka mpaka basi. Amefika leo asubuhi, amenichoma mara mbili kwa sababu mshipa ulikimbia, mwoga kama mwenyewe. Chupa yangu iko kwenye ndege hiihii iliyobeba barua hii. Zihesabu. Ziko kumi na nane.

Na karatasi yako hii hapa, nimeijaza kwa mkono wangu mwenyewe. Swali la saba mmeacha mstari mmoja wa mama. Nimechora wa pili kwa rula. Nastasia: mzima. Lukaria: amefariki kwa ini, 1986. Daktari wako akishindwa kuhesabu mama wawili, arudi shule. Ndugu wa tumbo moja: mmoja. Jina: Olinka. Maradhi: mdomo.

Usicheke bado. Wiki tatu zile nililala kwenye kochi lako nikitazamana na friji lako. Pale pana kadi yako ya vipimo vya damu, umeibandika kwa sumaku ya samaki. Mstari wa mwisho ni Februari mwaka jana. Chini yake patupu. Mwezi wa nane hukwenda, Februari hii hukwenda. Ulikuwa unahesabu chupa za Kuiggaq ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, na yako haimo. Uliniandikia mwenyewe kwenye barua kwamba ya mwisho ni Februari, ukapita haraka, na mimi mjinga nikapita nawe. Kwenye karatasi yako swali la saba linasema ndiyo mara mbili sasa, mama na kaka. Unaijua hesabu yako, umeipiga kichwani, ndiyo maana unahesabu zile ngazi na magari mekundu. Unaogopa. Na mimi niliogopa, nikamwachia mama simu.

Ningekuwa binamu tu ningekutania, ungenijibu matusi, tungeishia hapo. Sasa umenitafutia cheo mwenyewe, kwa wino, na cheo kina kazi zake. Jumatatu utashuka chini maabara kabla ya kunywa chai, utakunja mkono wa blauzi, utachomwa. Usiniandikie kwamba uko mzima na unashukuru. Niandikie namba.

Nangoja ndege.

Kaka yako,
Evon